Risasi Isiyo Risasi

Baba, matundu matatu ya kwanza hayakuwa duara.
Yalikuwa na umbo la yai, yameinama kushoto,
kana kwamba kila risasi iliingia karatasini kwa bega,
kama mlevi apitaye mlangoni.

Nikalaumu upepo. Jutland haikosi upepo.
Nikalaumu darubini, kisha bega langu,
kisha wewe, kwa kufa Februari
na kuniachia bunduki bila neno la maelezo.

Sheria imebadilika. Risasi, yale madini,
ile laini ya kijivu iliyokutia weusi vidoleni,
imepigwa marufuku. Tai hula matumbo tunayoyaacha msituni,
hula na chembe zake, hufa.
Sasa twapiga shaba.
Lugha ndiyo iliyobaki nyuma: bado twasema risasi,
risasi isiyo na punje ya risasi.

Torkild fundi bunduki aliuliza, "Umenunua gramu ngapi?"
Kumi na moja nukta saba. Zile zile za baba.
Akacheka kwa pua.
Akasimamisha mbili mezani, kando ya kahawa yake:
moja ya zamani, yako, na moja yangu.
Uzito uleule. Yangu ilimzidi mwenzake kimo
kama kijana aliyerefuka likizo moja tu
na suruali haijapata habari.

"Shaba ni nyepesi," alisema. "Ikitaka uzito ule, sharti irefuke.
Na mtutu, Gudrun, hauulizi uzito.
Unauliza urefu."

Akafunga kitambaa kwenye ufito wa kusafishia,
akautia alama ya wino, akausukuma polepole.
Ufito ukageuka wenyewe mkononi mwake,
ukifuata mifuo gizani
kama mtu anayeijua ngazi ya nyumba yao.
Nilishika rula. Alama ilizama, ikapotea, ikarudi juu:
sentimita thelathini na nusu.
Mzunguko mmoja, wa mtutu wa watu wasio na haraka.

"Ulicheza pia utotoni?
Pia nene, fupi, husimama hata ukiizungusha kivivu.
Ndefu hutaka mkono wenye hasira."

Akanitajia bei ya mtutu mpya,
mzunguko mmoja kwa kila sentimita ishirini.
Ungebeba chochote, alisema. Gramu kumi na tatu. Baridi ya Januari,
hewa ikiwa nzito kama uji. Chochote.

Nikautazama wa kwako.
Karibu na mdomo kuna doa la kutu, upana wa dole gumba,
la usiku ule ulioiegemeza ikiwa imelowa
ukakimbilia ng'ombe aliyekwama kuzaa.
Ndama alikufa. Doa halikutoka.

"Na nikiubakiza huu?"

"Basi punguza. Gramu tisa nukta saba, fupi.
Na umsogelee mnyama. Baba yako alitambaa sana."
(Magoti ya suruali zako! Mama alichoka kuyatia viraka.)

Jumamosi, nyuzi mbili juu ya barafu,
nikapiga tatu.
Matundu matatu, duara, masafi,
kizibo cha soda kingeyafunika yote.
Sikushangilia. Nilikohoa tu, nikaokota maganda.

Katika daftari lako mmo paa wote, kulungu wote tangu themanini na moja,
gramu zao, upepo wao, hatua ngapi walikimbia.
Mzunguko wa mtutu hukuuandika popote.
Haukukusumbua hata siku moja; kwa nini uuandike?
Nimeuandika mimi, kwa penseli, chini ya mstari wako wa mwisho:
30.5.

Zimebaki kumi na moja za kwako, kwenye kopo la kakao.
Sina ruhusa ya kuzipiga.
Torkild alizitaka za kupimia mizani. Nikakataa,
nami sijui kwa nini.
Usiku huitoa moja, naiweka kiganjani.
Nzito. Fupi.
Kama ulivyokuwa ukijibu simu.