Kifuu

Baba yangu Nauka alikuwa na meno mazuri,
ndiyo maana wakamwita.
Kule Tanna mzizi hutafunwa na wavulana
wasiomjua bado mwanamke.
Alitafuna hadi taya likafa ganzi,
akatema donge juu ya jani;
wazee wakachuja, wakanywa, wakanyamaza.
Yeye hakuonja.
Mimi hata kuchungulia nilikatazwa.

Mume wangu Tabi ni mtu wa Pentekoste:
kwao husugua kwa tumbawe,
na kutafuna wanakuita uchafu.
Miaka kumi na moja wanabishana, mkwe na mkwe.

Mimi hapa Port Vila nasaga kwa mashine ya nyama,
nakamua kwa soksi mpya, nanunua dazeni,
nauza kifuu vatu mia,
taa ya kijani mlangoni.

Jana baba alishuka melini,
meno yamebaki manne.
Nikamjazia. Akanusa, akaguna:
“Hii imepigwa na chuma.”
Akainywa kwa pumzi moja,
akageukia giza, akatema, akanong’ona lake.

Kisha akanisogezea kifuu kitupu.
“Jaza. Sasa wewe.”

Midomo ikafa ganzi.
Tukakaa.
Mbwa tu ndio walioongea.