Maji ya Mkunazi

Kazi yangu ni kuchora vitu vitakavyofutika.
Miaka kumi na minane, Kibokoni, ghorofa ya pili,
koni ya hina mkononi, piko ndani ya kikombe kilichovunjika sikio,
harufu ya mkaratusi imeingia hadi kwenye chapati.
Bibi harusi akiondoka nampa siku kumi na nne:
ya kumi ua linapauka,
ya kumi na mbili linakatika bua,
ya kumi na nne anakatakata vitunguu
kwa mkono uliorudi kuwa wake.

Basi nimejishangaa mwenyewe
kupita mara tatu mbele ya duka la Mwadime, Bamburi,
nikisoma bei mlangoni
kama mtu atafutaye jina lake kwenye matokeo ya mtihani.
Elfu tatu, kitu kidogo. Rangi, ongeza.
Sindano ni mpya, akasema, pakiti utaifungua wewe.

Nimeuliza watu. Mombasa ukiuliza
hujibiwa hata na asiyeulizwa.
Kaka yangu Bwanaheri: haramu.
Neno moja, akarudi kwenye miiba ya samaki wake.
Dama, jirani, akacheka: nyanya yake
alichanjwa chale tumbo zima, pambo la mwanamke,
mumewe akizisoma gizani kwa vidole.
Mamake akapelekwa misheni. Ngozi ikanyamaza.
Lali muuza simu ana SIDI shingoni
na ndani kwake ana Mwanajuma;
hufunga skafu hata Februari.
Na binti yangu, hata hakuinua macho:
Mama, kwa umri huo?
Hiyo ndiyo iliyochoma, kabla ya sindano.

Sitaki ua. Maua nayachora, nayajua uongo wake.
Sitaki jina la mtu.
Nataka nukta.
Moja, chini ya kiganja, penye mshipa,
pale ninapoijaribu koni kila asubuhi
kabla sijamgusa mteja.
Nukta ngapi nimeziweka hapo, nikazifuta kwa kidole gumba!
Moja tu ibaki. Iseme nilikuwapo kazini.
Kwani mikono yote niliyoipamba
hakuna hata mmoja unaonikumbuka.

Halafu kuna lile jambo.
Mwaka juzi tulimuosha shangazi,
nimwite Mwanatumu, na si jina lake.
Wanawake watatu, shuka, kafuri, maji ya mkunazi.
Mahali nisipopataja palikuwa na alama.
Buluu. Kubwa kama punje ya mtama.
Mwenzetu alidhani ni uchafu. Akasugua.
Akamwagia maji, akasugua tena,
kisha mkono wake ukajua, ukasimama.
Hakuna aliyemtazama mwenziwe.
Tukashusha shuka, tukaenda upande wa kushoto.

Mwanamke wa juzuu na uradi,
aliyekataa hata wanja,
aliyeniambia piko langu jeusi mno!
Nani alimchora? Mji gani?
Alilia, au alicheka?
Miaka mingapi alilala nayo
bila kumwambia mtu, na sisi watatu
tukaambiwa bila kuuliza?

Mwosha huoshwa.
Siku yangu ataketi mtu na ndoo ya maji ya mkunazi,
ataushika mkono huu, ataiona nukta,
atasema: masikini, hina ya kazini.
Atasugua mara moja.
Atasugua mara mbili.
Hapo sijui nataka afanye nini.
Kuna usiku nataka anyamaze.
Kuna usiku nataka atabasamu kidogo,
halafu ndiyo anyamaze.

Leo nimejaribu koni kama kawaida.
Sijaifuta. Ipo, inakauka, inanikaza ngozi.
Mwadime anafungua saa nne.
Bibi harusi wa Jumamosi yuaja saa tano,
na Bamburi ni mbali.