Kabla Hujapanda Paani

Ziba ufa, kila mtu anasema.
Hakuna anayesema uuzibe kwa kitu gani.
Kwa chokaa, Luan.
Ile mifuko saba ya saruji uliyoshusha jana
mrudishie Petrit dukani, atake asitake.
Saruji ina kiburi: haipumui,
wala hailiachi jiwe lipumue.
Maji yaliyoingia ukutani Oktoba
hutafuta mlango, huukosa,
huganda Januari na kulipasua jiwe kutoka ndani.

Chokaa ina subira. Iloweke pipani hadi iwe kama mtindi,
wiki tatu, mwezi, usiihesabie siku.
Mwiko ukisimama wenyewe, iko tayari.
Lowesha ukuta kwanza. Ukuta mkavu hunywa kama mlevi,
na asubuhi hukutapikia kila kitu miguuni.

Nimekaa nyumba hii miaka hamsini na mmoja.
Niliingia bibi harusi, sijui pimamaji wala timazi;
mama mkwe alinikabidhi ndoo kabla ya funguo.

Paa letu ni mawe matupu, kama yote ya Gjirokastra.
Hakuna msumari unaoyashika.
Kila bamba limeshikwa na uzito wake
na wa jirani yake;
likiteleza moja, kumi yana habari.

Usilikague jua likiwaka. Ngoja mvua.
Panda darini na tochi, kisha izime, kaa kimya.
Ukisikia tone, tia alama ya chaki kwenye boriti,
si pale linapoangukia,
bali linapoanzia, juu zaidi, sikuzote juu zaidi.
Maji ni mwongo: huingia huku, hutokea kule,
na katikati hayakuambii yamepita wapi.

Boriti ichome kisu.
Kisu kikizama kama kwenye jibini, boriti imekwisha.
Ukikuta ungaunga sakafuni asubuhi, dumuzi wako kazini.
Mimi niliufagia miaka miwili, nikidhani ni vumbi.

Mlizamu usafishe mara mbili:
majani ya mzabibu yakishaanguka yote, na tena Machi.
Maji yale hushuka birikani, chini ya miguu yetu,
na ndiyo tunayoyanywa.
Siku ya ukame utajua kama ulimwondoa yule njiwa mfu
au ulisema ataondoka mwenyewe.

Bawaba: tone moja la mafuta. Nimesema tone.
Madirisha ya kaskazini yapake mafuta ya kitani kila vuli,
kwa kitambaa, si kwa brashi, kufuata mshipa wa mbao.
Koki ya jikoni inavuja; ni mpira tu, leki hamsini.
Fundi atasema bomba zima limeoza.
Mpe kahawa, mshukuru, mfungulie mlango.

Rangi ya sebule chagua mwenyewe, mimi sina neno.
Isiwe bluu.

Utauliza mbona sijaitaja ngazi.
Iko nyuma ya mlango wa ghala.
Ami yako Bardhyl aliichonga kwa mwaloni,
na kidato cha nne kutoka chini kimelegea.
Alikijua. Kila vuli alikijua.
Alikuwa akikiruka, kupanda na kushuka,
akisema, nitakipigilia nikishamaliza paa.
Na paa, mwanangu, haliishi.
Siku ile alikuwa anashuka na bamba bovu mikononi.
Mguu ukasahau.

Watu walitaka kuichoma ile ngazi. Nikakataa.
Ni ngazi nzuri, ina kasoro moja.
Nyundo iko dirishani,
na misumari miwili niliyoinyoosha leo asubuhi.

Anza hapo.