Kiti 14A

Sikuwahi kuijua Mwanza kwa ubavu.
Miaka kumi na tisa nimeipokea kwa uso, kioo kizima:
ziwa kwanza, na mabaka yake yanayonisomea upepo,
kisha mawe,
kisha njia pale Ilemela, na korongo wa viwanda vya samaki
wanaopita mbele ya pua ya ndege kama wenye kiwanja.
Leo natoka msibani Bukoba, nimefunga mkanda kama nilivyoagizwa,
na kidirisha hiki kinanigawia mji vipande vipande
mithili ya muuza sangara anayekupimia robo.

Rangi ya ndege ni yetu. Nembo mkiani ni yetu.
Ukisoma maandishi madogo chini ya mlango
(nani husoma, na mvua hii?)
utaona jina la mkandarasi.
Ofisini wanamwita mshirika. Wanasema amekuja rahisi.
Rahisi ghali, wangekujibu wanunuzi wa sufuria Mlango Mmoja,
lakini wao hawaalikwi kwenye bodi.

Siku njia ya Bukoba ilipokwenda,
Kapteni Lutonja aliandika ubaoni, chumba cha marubani:

*Tiketi ni jina letu, bawa la mtu mwingine,*
*Kola ni ya shati letu, shingo tusiulizane,*
*Njia ilikuwa yetu, mnada wa saa nane,*
*Ikianguka ni yetu, ikipaa, ya wengine.*

Meneja alileta kitambaa, akaleta spiriti, akaleta sabuni.
Lutonja alitumia wino wa kudumu.
Ubao ukabebwa. Ukutani pamebaki misumari minne.

Mawe ya mji huu yamebebana hivyo hivyo:
jiwe juu ya jiwe juu ya kijiwe,
na ukiuliza nani anambeba nani
wote wanakuonyesha wa chini.

Nilikuwa na hasira yenye anwani kamili
mpaka spika ilipokoroma juu ya kichwa changu:
"Mabibi na mabwana, ni mimi rubani wenu, Shija Malale."
Shija.
Nilimkalisha kulia kwangu miezi kumi na minne.
Nilimpiga kofi la mkono alipogusa breki mapema.
Mwezi jana alinitumia ujumbe: wanalala watano Pasiansi,
vitanda viwili, kwa zamu, kitanda hakipoi.
Mshahara wake, ukitoa deni la chuo, haufiki theluthi ya wangu.
"Nahesabu masaa tu, Mwalimu," aliandika.
Na mimi wananihesabia yangu.

Jirani yangu, mama mwenye ndoo ya senene mapajani,
akaniegemea: "Hawa wa shirika letu, marubani wao ni walewale."
Nikasema ndiyo.
Sikujua ningesema nini kingine, na ndege ilishaanza kushuka.

Upepo wa saa nane ulitushika juu ya maji, kutoka kushoto.
Nilimsikia akiuruhusu. Asishindane nao, nilimwambia zamani,
auinamie bawa, kama unavyompisha mkubwa mlangoni.
Bawa likainama.
Gurudumu la kushoto likagusa kwanza, polepole,
kama mtu anayeingia nyumba yenye mgonjwa.
Kisha la kulia. Kisha pua.
Abiria wakapiga makofi.
Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeikandamiza sakafu hadi ukafa ganzi.

Mlangoni alikuwa amesimama, shati limempwaya shingoni.
"Mwalimu! Ulikuwemo?"
"Kumi na nne A."
"Nimechelewa kuinyoosha."
"Kidogo."
Tukatazamana, na nyuma yangu foleni ikanisukuma.
Ana dakika ishirini na tano, kisha anarudi Bukoba,
kisha Mwanza, kisha Bukoba tena.
"Umekula?"
Akacheka, akatazama saa.

Yule mama alikuwa amenifungia senene kwenye gazeti.
Nikamwekea Shija mkononi, zote, na chumvi yake,
nikashuka ngazi nikizihesabu.