Golimba

Mkufunzi hakutusalimu.
Aliingia na ukungu wa Tandala mabegani,
binti mdogo, Sekela Mwakajila, katokea Tukuyu,
akasimama mbele yetu, walimu thelathini na mmoja wa madarasa ya awali,
tuliojikunyata ndani ya vitenge na makoti ya mtumba,
akasema: Tefu.

Tukatazamana.
Tefu, akarudia, akachuchumaa, akainuka, akatungoja.
Tulikuwa na vyeti, sisi. Wengine na wajukuu.
Mwalimu Tweve, aliyebakiza miaka minne kustaafu,
na mabuti yake yenye tope la shamba la viazi,
alitafuta jibu usoni kwa jirani
kama mtoto wa miaka mitano anayechungulia mdomo wa mwenzake.

Kisha akashika kikombe cha bati. Golimba.
Akanywa chai. Aa, golimba.
Akakificha mgongoni: golimba?
Robo saa nzima, bila Kiswahili hata cha kuombea maji.
Witness Chaula alicheka mpaka machozi yakamtoka,
halafu yale machozi yakabadilika,
nami nilijua kwa nini, maana koo langu pia lilikuwa limefunga.
Mwaka wa kumi na nane huu nasimama mbele ya watoto
nikipaza sauti pale wasiponielewa,
kana kwamba kutoelewa ni uziwi.

"Ni Kinyakyusa?" mmoja aliuliza. "Hata."
"Kifaransa?"
Aliitunga jana gesti, alisema,
baridi ilimnyima usingizi.
Lugha nzima ina maneno matatu na msemaji mmoja.
Lakini Tweve alikuwa amekwisha kumpelekea kikombe
kabla hajamaliza kukiomba.
"Wawili," Sekela alijisahihisha. "Sasa tuko wawili."

Siku ya pili akagawa vipande vya karatasi:
Kiingereza chako cha kwanza, mlikutana wapi?
Kuna waliojaza pande zote mbili.
Tweve aliandika maneno matatu,
mkono wa kushoto.
Hakuulizwa. Hakueleza.
Mkono wenyewe ulikuwa umelala juu ya meza
na sote tuliukwepa kwa macho.

Mengine nimeyanakili daftarini:
neno lije na kitu, kitu kipite mikononi;
kosa la mtoto umrudishie limenyooka, bila kelele;
usimdai sauti anayesikiliza bado.
(Hapo Tweve aliguna: "Kiazi ukikifukua kila siku kukiangalia,
mwisho utakula nini?")
Na sisi ambao ndimi zetu wenyewe zinajikwaa? niliuliza.
Sekela alikaa kimya. Hilo hakuja na jibu lake.
"Fanya mazoezi usiku," alisema, "ukiwa peke yako.
Mimi pia."

Jumatatu nikarudi shuleni na tufaa moja,
la mwisho wa msimu, kijani,
na kidonda cha mvua ya mawe upande mmoja.
Kwenye chati ukutani tufaa ni jekundu, linang'aa,
halijapata kuning'inia mti wowote wa Makete.
Nikaliinua hili langu. Epo, nikasema.
Nikalinusa. Epo.
Nikalipitisha.
Likafika kwa Yoeli Ndelwa, ambaye tangu Januari
hajatoa neno darasani kwa lugha yoyote;
mahudhurio humwitikia dada yake.
Alilipokea kwa mikono miwili.
Akapapasa pale penye kidonda.
Nikajizuia. Nikahesabu moyoni kama tulivyoagizwa,
moja, mbili, hadi kumi,
kumi ndefu kuliko kipindi.

Akaling'ata.

Darasa zima likanigeukia kuona nitafanyaje.
Yeye alitafuna taratibu, kwa adabu, mpaka mbegu.

Kwenye andalio la somo, safu ya tathmini,
ambamo miaka yote nimeandika
somo limeeleweka,
niliandika: zana imeliwa.
Kesho niende na mawili.