Mizani Ndani ya Lifti

Mizani niliyobeba Jumamosi ile
si ile ya washairi, ya kuhesabu nane kwa nane.
Ni ya zahanati ya Kaloleni, rangi imebambuka,
Sista Asiko aliniazima kwa sharti moja:
irudi kabla ya saa nane, watoto wachanga wanaisubiri.

Wanafunzi saba, sare zimepigwa pasi kama siku ya mtihani.
Mlangoni mwa jengo la ghorofa kumi na nne, mtaa wa Tom Mboya,
askari, Bwana Kirimi, akauliza tumemfuata nani.
"Inesha," nikamjibu, na yeye akaandika
kwenye daftari la wageni, kwa mwandiko wa kujikaza:
Inesha. Watu wanane. Sababu: kupima.

Mwaka mzima nimelitafutia neno hilo makao.
Nimesema ni ukaidi wa vitu,
kilicholala hakipendi kuamshwa,
kinachokwenda hakipendi kuambiwa basi.
Nimechomoa kadi chini ya sarafu,
sarafu ikatumbukia glasini, wakapiga makofi,
wakanakili tarehe,
na kwenye mtihani wakaniandikia yale yale:
"Nguvu fulani ilinitupa mbele."

Isipokuwa Omwenga, anayesukuma mkokoteni wa babake
kutoka Gikomba siku anazofukuzwa karo.
Yeye aliandika: "Mzigo wa viazi hautaki kuanza,
na ukishaanza hautaki kusimama. Ndiyo sababu
tumefunga tairi kuukuu nyuma, tulikanyage kwenye mteremko."
Mwongozo wa kusahihisha hauna alama ya "hautaki".
Nilimpa nusu.
Nusu hiyo imeninyima usingizi.

Ndani ya lifti, Nduku juu ya mizani, viatu mkononi.
Arobaini na nane. Mlango ukajifunga.
Mshale ukaruka: hamsini na tatu!
"Na sijala chochote!" Tukacheka,
na kabla kicheko hakijaisha mshale umetulia,
arobaini na nane, ghorofa ya tano, ya sita, ya tisa,
kimya, kana kwamba hatuendi popote.
Karibu na juu ukaporomoka, arobaini na tatu,
matumbo yetu yakaendelea kupanda peke yao.

"Imeharibika," mmoja akasema.
Haijaharibika. Inasema ukweli wa chumba hiki.
Bwana Kirimi kule chini anaona namba zikiwaka tu juu ya mlango;
kwake Nduku ni yule yule, mwili ule ule,
ila sakafu imemsukuma zaidi, kisha ikamlegezea.
Kabla hujasema nani anakwenda
sema kwanza wewe umesimama wapi.

Omwenga alikuwa ameegemea ukuta wa chuma.
"Pale katikati, mwalimu,
tulipokuwa tunaenda bila kuongeza wala kupunguza,
hata mizani haikujua."

Hata mizani haikujua.
Miaka kumi na tisa, ubao ule ule, chaki ile ile,
na mimi nikiapa kwamba nimesimama.

Tulishuka na kupanda mara nne zaidi,
kila mtu na kilo zake za kuazima.
Saa saba na nusu Bwana Kirimi akafungua daftari,
akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu.
"Wanane. Sawa. Na huyu Inesha, mlimpata?"

Omwenga akanitazama, akainua mizani begani.
"Tulikuja naye," akasema. "Tunaondoka naye."