Saba ya Uru

Novemba jua linaaga Vardø, halirudi hadi Januari,
na bibi yangu Ragnfrid anafuta meza ya jikoni,
anaikausha kwa kiwiko cha sweta,
anapanga safu saba: ya kwanza karata moja,
ya mwisho karata saba, sita kati yake zimelala kifudifudi
kama watu waliogoma kuamka kwa kuwa bado ni usiku.

"Usiguse rundo," ananiambia.
"Kwanza soma meza.
Watu hukimbilia kuchota wasichokijua,
na wanachokijua kiko chini ya pua."

Alianza kazi kwenye ubao wa simu akiwa na miaka kumi na tisa,
waya mkononi, sauti za watu masikioni.
Alijua nani asubirishwe, nani aunganishwe upesi,
na daktari wa Kirkenes huitikia mlio wa ngapi.
Ndiyo maana hachezi kama mimi.
Mimi nikiona ghulamu mwekundu na malkia mweusi, nawaoza papo hapo.
Yeye anauliza, "Ukimwondoa hapo, nani atafunuka?
Kama hafunuki mtu, Eilif, umehamisha samani tu."

Ree zipande mara moja, na mbili zifuate,
hilo halina mjadala.
Lakini tatu, nne, tano, taratibu.
Tano ya kopa uliyoiharakisha kwenda juu
ndiyo ambayo nne ya shupaza itakuja kuiulizia,
nawe huna la kuijibu.

Chimba safu ndefu kwanza.

Na usifungue nafasi kama huna mfalme wa kuikalia.
Hapo macho yake yanakwenda kwenye kiti cha babu, karibu na jiko,
kiti ambacho hata paka hakipandi.
Anapuliza kahawa. "Inaruhusiwa," anasema,
"ila itakugharimu."
Wakija wafalme wawili na nafasi ni moja?
"Mchukue ambaye malkia wake ameshaonekana.
Mwingine atanung'unika. Mwache anung'unike."

Sasa niseme la saba ya uru.
Ile halisi ilipotea mwaka wa dhoruba iliyong'oa paa la ghala,
babu Halvdan akakata nyingine kwenye boksi la biskuti,
akachora uru nane kwa penseli nyekundu,
akahesabu, akatukana, akakwangua moja kwa kisu.
Mgongo wake ni kahawia. Nyingine zote ni buluu.
Kwa hiyo kila akigawa, ile sura ikiwa chini,
bibi anajua imelala wapi,
na mkono wake, mkali kwa kila sheria,
unaifuata safu hiyo kama mtu anayefuata harufu ya mkate.

"Huo si wizi?" nilimuuliza.
"Wizi ni kuchungulia.
Mimi sichungulii. Halvdan ananikonyeza."

Nilimletea pakiti mpya kutoka Tromsø, ikinuka dukani bado.
Alicheza nayo wiki moja, akaandika matokeo
kwenye daftari lake lenye mistari:
michezo arobaini na mitatu, ushindi mitatu.
Akairudisha ndani ya kasha, akalifunga vizuri kabisa.
"Zinateleza," alisema,
"na humo ndani hamna mtu."

Pakiti hiyo ninayo mimi sasa, Bergen,
ghorofa ya nne, mvua ikipiga dirisha kwa ubavu.
Nimejifunza kutochota mapema.
Nakumbuka kinachopita kwenye rundo na kinafuata nini,
sipandishi tano kabla ya wakati wake,
na bado nakwama, mara nne kati ya tano, kama kila mtu.
Migongo hamsini na miwili, yote sawa.

Juzi nilimpigia simu.
Aliitika mlio wa pili, kama kawaida yake,
nikasikia karata zikigonga meza.
"Safu ya ngapi?" nikamuuliza.
"Ya sita," akasema, "chini kabisa. Ngoja,
usikate."